Haji Ali wa Arizona na Majina Tunayoyapoteza

Wazee wetu wa biashara walikuwa na msemo wao: mali bila daftari huisha bila habari. Walisema hayo kwa ajili ya pishi za mtama na majora ya nguo. Leo nataka kuutumia msemo huo kwa mali ya namna nyingine, nayo ni nasaba. Tena nitaanza mbali, katika nchi ya Marekani, penye kaburi la mtu ambaye wengi wetu hatukupata kumsikia.

Picha ya kaburi hilo aliniletea mpwa wangu aliyekwenda kusoma katika jimbo la Arizona. Ni piramidi ndogo iliyojengwa kwa mawe ya pale pale jangwani, na juu ya kilele chake amesimamishwa ngamia wa shaba. Kijana aliandika maneno machache: "Mjomba, watu wa huku wanamwita Hi Jolly. Lakini mimi nadhani huyu ni Haji Ali. Wasemaje?"

Nilimjibu kuwa amedhani kweli. Tangu siku hiyo sikupata raha mpaka nilipoyafuata maisha ya mtu yule hatua kwa hatua, na kila nilipomfuata yeye nilijikuta ninarudi kwetu. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kwanza tufahamu kuwa nchi hiyo haikuwa ngeni kwa wazee wetu. Nguo ya merikani waliyovaa bibi zetu ilipata jina hilo kwa kuwa ililetwa na merikebu za Marekani, nyingi zikitoka mji wa Salem, zilizokuja Unguja kununua pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Basi katika zama zile zile merikebu za kule zilipokuwa zikija huku, Haji Ali alikuwa kule, anakokota ngamia kuelekea machweo ya jua.

Alifikaje? Vita vya Marekani na Mexico vilipokwisha mwaka 1848, Wamarekani walijikuta wamiliki wa nchi kubwa ya majangwa na milima. Maji yalikuwa haba, njia hakuna, na wenyeji wa asili kama Waapache na Wanavajo hawakuwa tayari kuiachia ardhi ya baba zao. Farasi na nyumbu wa jeshi walitaabika kwa kiu. Waziri wa Vita wa wakati huo, Jefferson Davis, akaona dawa ni ngamia. Mwaka 1855 bunge lao likatoa dola 30,000, na merikebu ya jeshi iliyoitwa Supply ikatumwa Bahari ya Kati, ikapita Tunis, Uturuki na Misri kununua wanyama hao. Mwezi wa Mei mwaka 1856 iliteremsha ngamia 34 katika bandari ya Indianola huko Texas, na mwaka uliofuata wakaletwa wengine 41.

Lakini kumnunua ngamia ni kazi ya fedha, na kumwongoza ni kazi ya elimu. Wazee wetu waliomzoea akizungusha kinu cha mafuta ya simsim wanajua: ngamia haendi kwa matusi, wala hasahau aliyemdhulumu. Askari wa Kimarekani hakujua hata namna ya kumpigisha magoti. Kwa hiyo pamoja na wanyama wakaajiriwa watu wa kuwatunza kutoka katika dola ya Uthmaniya, na mmoja wao ndiye Haji Ali.

Mwaka 1857 bwana mmoja kwa jina Edward Beale alipewa ngamia 25 na kazi ya kupima njia ya magari ya kukokotwa kutoka Fort Defiance, katika nchi ya New Mexico, hadi mto Colorado na kuingia California. Haji Ali alikuwa katika msafara huo. Ngamia walibeba mizigo mizito, wakala miiba ambayo nyumbu hawaigusi, na walipofika mto Colorado wakaogelea mpaka ng'ambo. Beale aliwasifu sana. Sehemu kubwa ya njia ile ilikuja kufuatwa na reli, kisha na ile barabara yao mashuhuri nambari 66. Watu wengi waliopita juu yake kwa motokaa hawakujua kuwa miongoni mwa waliotangulia kuikanyaga ni mtu aliyekuwa na jina la Haji.

Mpango wa ngamia haukudumu. Askari waliwachukia, farasi waliwakimbia, na mwaka 1861 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, naye Davis akawa rais wa majimbo ya kusini yaliyoasi. Baadhi ya ngamia walinadiwa California mwaka 1864, na wale waliobaki Texas wakauzwa mwaka 1866. Haji Ali husimuliwa kuwa alijaribu kufanya biashara ya kupeleka mizigo migodini kwa ngamia wake, isistawi, akawaachia waende zao jangwani. Katika miaka ya 1880 jeshi likamwajiri tena, safari hii kupakia mizigo juu ya nyumbu, wakati wa vita na Waapache. Mwishowe akaishia kutafuta madini karibu na mahali paitwapo Quartzsite, na huko ndiko alikofia mwezi wa Desemba mwaka 1902. Mwaka 1935 idara ya barabara ya jimbo hilo ikamjengea piramidi ile.

Sasa nije kwenye jina, maana hapa ndipo moyo wangu uliposimama.

Ulimi wa askari wa Kimarekani haukuliweza "Haji Ali". Wakalipotoa mpaka likawa Hi Jolly, ambalo kwa Kiingereza ni kama kumwamkia mtu mchangamfu. Haji ni cheo. Mtu hukipata kwa nauli aliyoidunduliza, kwa jua la Arafa na kwa jasho la njiani. Cheo hicho kikageuzwa maamkizi ya mzaha, na mzaha huo ndio uliochongwa juu ya kaburi. Sidhani kuwa walikusudia ubaya, inaonekana walimpenda. Lakini hata mapenzi yakikosa usikivu huweza kumpoteza mtu.

Tena hayo hayakuwa mwisho wa majina yake. Mwaka 1880, katika mji wa Tucson, alichukua uraia wa Marekani, na jina aliloandikisha lilikuwa Philip Tedro. Mwaka huo huo alimwoa mwanamke aitwaye Gertrudis Serna, nao wakapata watoto wawili wa kike. Wako walioandika kuwa Philip Tedro ndilo jina la kuzaliwa, kwamba baba yake alikuwa Mshami na mama yake Mgiriki, naye akasilimu ukubwani na kwenda Makka. Wako wengine waliomwandika kwa jina la Kiarabu tangu utotoni. Yaliyokuwa moyoni mwake anayajua Mola wake. Mimi ninachokiona ni mtu mmoja mwenye majina matatu: moja alilojiita, moja aliloitwa, na moja alilopeleka serikalini.

Hebu msomaji jitie katika nafasi ya kitukuu cha bwana huyo. Ulikuwa ukisikia nyumbani kuwa babu wa babu alitoka nchi za mbali, akaja na wanyama wa ajabu. Unataka kumjua. Unaanzia wapi?

Wamarekani wana sensa tangu mwaka 1790, kila baada ya miaka kumi. Lakini mpaka ile ya 1840 karani aliandika jina la mwenye nyumba tu, na waliobaki wakahesabiwa kwa tarakimu kama kuku. Mwaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina lake. Mwaka 1880 ndipo karani alipoanza kuuliza kila mmoja ana uhusiano gani na mwenye nyumba, na baba na mama yake walizaliwa nchi gani. Ile ya 1890, ambayo ingemfaa sana mtu anayetafuta watoto wa ndoa ya 1880, karibu yote ilipotea kwa sababu ya moto uliozuka Washington mwaka 1921. Basi kutoka 1880 unaruka mpaka 1900. Katika miaka ishirini mtoto huzaliwa, hukua, huolewa na hubadilisha jina, na wewe uko ng'ambo ya pengo hilo unaita bila kuitikiwa.

Zipo karatasi nyingine. Ziko za uraia, za ndoa, za malipo ya jeshi. Ziko za ardhi pia. Sheria yao ya mwaka 1862 ilimpa mtu ekari 160 za nchi iliyonyang'anywa wenyeji, kwa sharti akae juu yake miaka mitano na kuilima. Ili apewe hati, ilimbidi alete majirani washuhudie: amejenga nini, amelima kiasi gani, mkewe na watoto ni wangapi, na akiwa mgeni, alete na karatasi ya uraia. Faili hizo zimehifadhiwa, na wajukuu wengi wamewakuta babu zao humo. Hata Waislamu wa Kishami waliohamia North Dakota mwishoni mwa karne ile na mwanzoni mwa iliyofuata walipata mashamba kwa njia hiyo. Karibu na kijiji cha Ross walijenga msikiti mwaka 1929, ukavunjwa katika miaka ya 1970, na mwaka 2005 ukajengwa mwingine mdogo. Makaburi yao yamebaki mahali pale, nayo yanashuhudia.

Kitukuu cha Haji Ali, basi, ana pa kushika. Itambidi atafute kwa majina yote matatu, na kila moja alijaribu kwa tahajia tano au sita, kwa kuwa makarani waliandika walivyosikia. Lakini angalau babu yake aliandikwa.

Wako ambao hawakuandikwa kabisa. Katika sensa za 1850 na 1860 palikuwa na daftari mbali la watumwa. Jina lililomo ni la bwana aliyewamiliki. Chini yake: mwanamume, miaka 30, mweusi, mwanamke, miaka 22, mtoto, miaka 4. Basi. Wajukuu wao wanapofuatilia nyayo za wazee kurudi nyuma hufika mwaka 1870, sensa ya kwanza baada ya uhuru, ambamo wengi waliandikwa kwa majina kwa mara ya kwanza, na hapo hugonga ukuta.

Katikati ya ukuta huo kuna tundu moja la mwanga, nalo linatuhusu sisi wanafunzi wa chuoni. Alikuwako mtu aitwaye Omar ibn Said, aliyezaliwa Futa Toro, upande wa Afrika Magharibi, akasoma elimu ya dini miaka mingi. Alitekwa, akauzwa, akafikishwa Charleston mwaka 1807. Alikufa mtumwa huko North Carolina. Lakini mwaka 1831 alishika kalamu akaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiarabu: kwao ni wapi, alisoma kwa nani, nani alimtenda wema na nani alimdhulumu. Karatasi zile leo zimo katika maktaba ya bunge la Marekani. Mabwana zake walikuwa na daftari, bunduki na sheria, naye alikuwa na khati aliyofundishwa utotoni. Jina lake limesalimika kama alivyolitamka mama yake.

Kisa hicho kilinichoma, na sasa nitasema kwa nini.

Nyumbani kwangu nina vyeti vitatu vyenye jina la marehemu baba yangu. Katika cha kwanza ameandikwa Muhammad. Katika cha pili ni Mohamed. Katika cha tatu, karani aliyekuwa na haraka zake alimwandika Mahamudi, na hilo ni jina la mtu mwingine kabisa. Mwanangu alipokwenda kutafuta kitambulisho katika ofisi moja, aliambiwa alete ushahidi wa baba na babu. Akavipeleka vyeti vile. Wakamrudisha. Tulikwenda mara nne, kwa nauli na kwa jua, na mara ya nne kijana akaniuliza tukiwa njiani: "Baba, hivi babu alikuwa na majina mangapi?" Sikuwa na jawabu. Nilimkumbuka Haji Ali.

Ningependa kumlaumu karani peke yake, lakini ningekuwa mwongo. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na kitabu alichokiandika kwa khati za Kiarabu, kimo ndani ya kasha la njumu: nani alimzaa nani, nani alioa wapi, nani alikufa safarini. Nilipokuwa kijana aliniita, akaniambia, "Njoo ukae, nikusomee uandike, macho yangu yanakwenda." Nikamwambia, "Kesho, babu." Nilikuwa na mambo yangu. Kesho hiyo ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka, babu akazikwa, na siku tulipolifungua kasha, mchwa walikuwa wamekwisha kukisoma kitabu kwa niaba yetu. Mimi leo nayajua majina matano. La sita najua tu kuwa mwenyewe alihama kutoka Siu. Jina lake nani? Mchwa ndio wanaojua.

Kurani imetuamuru tuwaite watu kwa baba zao, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametuhimiza tuzijue nasaba ili tupate kuwaunga jamaa. Hayo twayasikia kila mwaka darsani. Lakini waulize vijana wanane walioketi barazani jioni hii majina ya bibi zao wa kuumeni na kukeni, na uone watano watakavyotazamana.

Najua nitakayojibiwa. Wako watakaosema kuwa nasaba ni fahari za watu wa kale, kila mtu ajifanye ametoka Shiraz au Hadhramaut, amdharau mwenziwe. Nami nakubali kuwa ugonjwa huo tunao. Lakini dawa yake ni kuandika kweli. Haji Ali hakuwa sultani wala sharifu. Alikuwa mtu wa kamba na mizigo, mnuka ngamia, na jimbo zima limemjengea kaburi. Mzee wako akiwa mvuvi, mkwezi au mpagazi, mwandike mvuvi, mkwezi au mpagazi.

Wako na wengine, hawa hawasemi kwa sauti, wanaoogopa kuuliza kwa kuchelea kuambiwa kuwa bibi yao aliletwa mwambao huu na kamba shingoni. Kwao nasema hivi: aibu ni ya aliyefunga kamba. Omar ibn Said aliuzwa, wala hatumwonei haya. Wanaoonewa haya ni waliomnunua. Bibi aliyetekwa utotoni, akasahaulishwa lugha ya kwao, kisha akalea watoto mpaka wewe ukapatikana, ana haki ya kutajwa kuliko mtu yeyote katika shajara yako.

Basi tufanye nini? Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko tunavyodhani. Keti na mzee wako kabla ya magharibi. Usimuulize tarehe, muulize matukio: alikuwa mkubwa wa kiasi gani vita vilipozuka, nani aliposwa mwaka ule wa njaa, nyumba ilikuwa upande gani wa msikiti. Andika, kisha msomee alichokisema, naye atakusahihisha. Andika na akina mama, kwa maana wao ndio wanaopotea kwanza. Yule uliyemwoa na yule uliyemwoza wana ukoo pia. Kisha ukoo mzima mkubaliane tahajia moja, na kila cheti kipya kiandikwe hivyo hivyo.

Wenye misikiti watazame daftari zao za nikaha na za wakfu zimehifadhiwa vipi. Walimu wa chuo wawape watoto kazi ya kuleta majina saba ya wazee wao kwa khati nzuri. Watapata somo la khati na la nasaba kwa pamoja. Na kabla kaburi la kale halijabomoka, mtu aende akanakili yaliyoandikwa juu ya jiwe.

Mpwa wangu alikwenda tena Quartzsite, akaniambia kuwa safari hii alisimama mbele ya piramidi ile akamtamkia yule bwana jina lake kwa sauti, Haji Ali, kwa h na j kama tunavyolitamka sisi, kisha akamwombea dua. Nilifurahi. Lakini nikamuuliza na yeye: "Je, baba wa babu yako wa kuumeni nani?" Akanyamaza, kisha akacheka, akasema, "Mjomba, kesho nitampigia simu bibi."

Nikamwambia: leo.

Jina lisipoandikwa, hupotea midomoni,
Na kitabu kikiwekwa, mchwa hukila kashani,
Mzee akishazikwa, hujibiwi kaburini,
Kaulize hujapokwa, wazee wa barazani.